Fisi wa Matangani Nyansiongo

Manasseh wa Nyansiongo alijulikana kwa mambo mawili: kusimulia hadithi matangani, na kufika huko kabla sufuria hazijachemka. La pili hakujua kama linajulikana.

Siku ya kumzika mzee Ombui alipewa kipaza sauti. Mheshimiwa wa wadi alikuwa amekuja na kundi lake, wakakalia viti vya wafiwa hemani, huku mabinti wa marehemu wakisimama juani. Manasseh akaona amepata nafasi. Akasimulia kisa cha fisi aliyehudhuria kila msiba wa wanyama, akalia kuwashinda mayatima, uso ukiwa umeelekea jikoni.

Watu walicheka. Mheshimiwa mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho. Manasseh akarudi kuketi akijiona nabii, ila akashangaa mbona wote wanamtazama yeye.

“Baba Linda,” mkewe Nyakerario alimnong'oneza, “leo umejisema vizuri.”

“Mimi? Si nimemsema Mheshimiwa!”

“Basi mbona midomo inang'aa mafuta na chakula hakijatolewa?”

Manasseh akajipangusa upesi. Ni kweli alikuwa amepitia jikoni kuwasalimu wapishi, na salamu zikageuka maini.

Aibu hiyo ilimkaa. Hata akichuma chai, jirani yake Kwamboka alimwita kutoka ng'ambo ya ua, “Fisi, umeamkaje?” Akaapa kutosimulia tena.

Lakini mume wa jirani yao Roselyne alipofariki, wafiwa walimwita mbele. Manasseh akachukua kipaza sauti, akasema, “Fisi mnayemjua ni mimi.”

Hema likalipuka kwa kicheko. Akaeleza jinsi harufu ya maini ilivyomvuta kutoka katikati ya majani chai, buti la mpira mguu mmoja, tai shingoni.

“Endelea, mzee!” Mheshimiwa akapiga kelele kutoka viti vya mbele, akijigonga mapaja.

“Nikafika, nikamkuta fisi mwenzangu. Yeye ana gari kubwa na walinzi, na amekalia kiti cha mjane.”

Kicheko kikakatika. Macho yote yakamwendea Mheshimiwa, kisha yakamwendea Roselyne aliyesimama nyuma, leso mkononi. Mheshimiwa akakumbuka kwamba simu yake inaita, ingawa hakuna aliyeisikia, akatoka. Roselyne akaketi.

Tangu hapo, Mheshimiwa akialikwa matangani huuliza kwanza kama Manasseh yupo. Akiambiwa yupo, hutuma rambirambi.