Monsenyeri na Plastiki ya Godoro

Nyabiondo, kwenye milima ya Masisi, kila mtu anajulikana kwa kitu chake. Yuko anayejulikana kwa shamba, yuko anayejulikana kwa sauti kanisani, yuko anayejulikana kwa kasiksi, pombe ya ndizi. Emérita, mkulima wa maharage mwenye mabega ya kubeba gunia na ulimi wa kulishusha, alijulikana kwa godoro.

Lilikuwa godoro la sponji, lililopanda milima kutoka Goma juu ya pikipiki, na siku lilipofika watu walitoka kulipokea kama gavana, tofauti ni kwamba lenyewe lilikuwa na faida. Emérita hakulivua plastiki yake ya dukani. Nani anavua? Kitu kipya kikishavuliwa plastiki kinakuwa kitu tu. Kwa hiyo kila mara yeye na mumewe Marcellin walipojigeuza kitandani, majirani walisikia chwara-chwara, na asubuhi wakawaamkia kwa heshima ya pekee.

Vita vilipokuja, watu walikimbia kama ilivyo desturi: mtoto mgongoni, sufuria mkononi, godoro kichwani. Godoro la Emérita lilikimbia vita kama makamanda wengi, ila lenyewe lilirudi. Kule kambini Lushebere, kibanda cha jirani yao Kanyamibwa kilivuja, na mkewe Béata alikuwa na mtoto mchanga. Emérita akalivua godoro plastiki kwa mikono yake mwenyewe, akawafunikia paa.

Waliporudi mlimani, godoro lilirudi uchi. Plastiki ilirudi na Kanyamibwa. Aliitoboa tundu la kichwa na mengine mawili ya mikono, ikawa koti lake la mvua. Akawa anatembea nalo hata jua likiwaka, chwara-chwara, kama kitanda kilichopata miguu.

Sasa tuje kwa mbwa. Aliitwa Monsenyeri kwa sababu ya ukosi mweupe shingoni, tumbo la kutosha, na tabia ya kungoja asalimiwe kwanza. Wezi wa maharage walikuja siku moja, akawabwekea mpaka wakaacha na gunia walilokuja nalo. Tangu hapo Emérita alimpandisha cheo: alilala juu ya godoro, upande wa miguu. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Mlimani mbwa analala nje. Ndani wanalala watu na mbuzi.

Kisha Monsenyeri akaanza kujikuna. Alijikuna masikio, akajikuna makwapa, akajitafuna nyayo kama mahindi ya kuchoma. Manyoya yakamtoka, ukosi wa uaskofu ukabaki kama kola ya shati la maskini. Jumapili moja, sala ilipokwisha, Kanyamibwa akasimama na koti lake.

"Ile imbwa iko na upele. Itaambukiza mbuzi zetu zote. Tuiue, njo dawa."

Wanaume wakakubaliana upesi, maana kuua mbwa ni rahisi kuliko kutengeneza barabara. Walimpa Emérita muda mpaka maharage yamalizike kuvunwa. Siku ya salongo, wote wakiwa wamekutana kwa kazi ya pamoja, wangemtazama Monsenyeri. Akijikuna mbele yao, virungu.

Emérita hakulala. Aliposikia kwamba Jean-Luc, veterineri wa Kitshanga, amepanda kuchanja ng'ombe, alimburuta mbwa kwa kamba hadi kule kwenye zizi, mbele ya watu wote.

"Mama, mimi nilisomea ng'ombe," Jean-Luc akasema.

"Basi jifanye ni ng'ombe mufupi."

Jean-Luc akainama, akapekua ngozi kwa kioo cha kukuzia, akanusa masikio, akauliza maswali. Mwishoni akasimama. "Huu si upele. Hauambukizi mutu wala mbuzi. Iko na alerji. Kuna utitiri wa vumbi, mudogo sana, jicho haliuone. Unaishi mu godoro, unakula ngozi kavu yenye kuanguka kwa mwili ya batu. Mavi yake njo inamuwasha."

Kisha Kanyamibwa akauliza, taratibu, kama anayeonja mchuzi:

"Godoro? Kwani iyi imbwa inalalaka wapi?"

Kicheko kilichotoka hapo kilifika bondeni. Emérita aliona heri ardhi immeze, lakini ardhi ya Masisi huporomoka pale tu usipoihitaji.

Jean-Luc alimdunga Monsenyeri sindano ya kutuliza mwasho, kisha akatoa amri: mablanketi yachemshwe, godoro lianikwe juani, nyumba ifagiliwe baada ya kunyunyiza maji, mbwa ashuke kitandani. "Na godoro ulifunge lote ndani ya plastiki. Utitiri haupiti."

Nyumbani, shida ya kwanza ilikuwa Marcellin. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akilipapasa godoro kwa mapenzi mapya.

"Emérita, veterineri alisema zile dudu ziko ngapi?"

"Nyingi. Haziesabike."

"Zinakula ngozi yangu mimi?"

"Yako na yangu."

Macho ya Marcellin yakalowa. Maisha yake yote alitazama mafermu ya wakubwa, ng'ombe wamejaa mlimani, yeye hana hata ndama. "Kumbe na mimi niko mufugaji," akanong'ona. "Mifugo mingi kuliko ya wakubwa wote, na malisho ni mimi mwenyewe. Mama, usiniulie mifugo yangu."

"Chagua: mifugo ao Monsenyeri."

Marcellin aliomba muda wa kufikiri. Akafukuzwa chumbani.

Shida ya pili ilikuwa ya Emérita mwenyewe. Mdudu akiingia kwenye maharage ya mbegu, unayachanganya na majivu, anakufa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Mdudu ni mdudu. Akalimwagia godoro kikapu kizima cha majivu, akalipiga yaingie vizuri. Usiku huo Monsenyeri alipiga chafya mpaka akaanguka kutoka kitandani, akaamka anajikuna kwa miguu minne kwa zamu. Dawa ya vumbi ilikuwa vumbi.

Ndipo akafuata amri. Godoro likakung'utwa na kuanikwa. Mablanketi yakachemka uani katika sufuria ya harusi, na majirani wawili walipoona mvuke wakaja na sahani. Mbwa akapewa kitanda cha gunia lililofuliwa, chini, akakitazama kama parokia ya mbali.

Ikabaki plastiki. Maharage yalikuwa yamebaki mistari michache shambani. Emérita alikwenda kwa Kanyamibwa.

"Papa, naomba plastiki yangu."

"Gani? Iyi ni koti."

"Kambini ilikuwa paa yako."

"Sasa ni koti. Kwani mvua imeisha?"

Béata alikuwa ndani anachambua maharage. Alitoka, akashika plastiki mabegani mwa mumewe, akaivuta juu, akamvua kama anavyovuliwa mtoto wa kuogeshwa.

"Mutoto wangu alilala mukavu chini ya iyi," akasema. "Twala, dada."

Fundi wa matairi akaziba matundu matatu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nyumbani Marcellin alishika upande wake kwa uso wa msiba, wakalifunga godoro. "Kwaheri, ng'ombe zangu," akasema. Chwara-chwara.

Siku ya salongo ikafika. Wanaume waliacha majembe, wakashika virungu, wakamzunguka Monsenyeri. Manyoya yalikuwa yameanza kurudi, na ukosi nao. Alikaa chini, akawatazama kama watu waliokuja kupewa baraka.

Walingoja. Hakujikuna.

Wakamkazia macho zaidi, sikio, kwapa, mkia. Na unajua mambo ya kuwaza kuwashwa. Wa kwanza alijikuna shingo. Wa pili akajisugua mgongo kwenye mti. Kisha Kanyamibwa, bila koti, aliyemkodolea mbwa macho kuliko wote, akaangusha kirungu chake, akaingiza mikono miwili ndani ya shati na kujikuna mbavu kwa bidii, macho ameyafumba kwa raha.

Emérita akaokota kirungu, akakipima mkononi.

"Haya, ba papa," akasema, "tuanzie kwa nani?"