Taa ya Kijani ya Mashine ya Nne

Pelagia Wanzagi alikuwa fundi umeme tangu enzi ambazo watu wa Musoma walisimama njiani kumshangaa mwanamke aliye juu ya ngazi na bisibisi mkononi. Alizaliwa upande wa Butiama, katika nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache. Padre wa parokia yao ndiye aliyemtafutia nafasi ya kusomea ufundi, na mwaka 1980 akapata kazi katika kiwanda kimoja mjini Musoma.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni ilipatikana kwa foleni. Vipuri havikupatikana hata kwa foleni. Pelagia alijifunza kung'oa waya katika mashine iliyokufa ili kuihuisha nyingine, na mikono yake ikazoea makovu ya kuungua. Kiwanda kilipofungwa, yeye na wenzake walirudi makwao. Pelagia alikwenda Nyamuswa, alikoolewa na baadaye kufiwa na mume, akashika jembe.

Kisha serikali ikaruhusu watu binafsi kununua pamba, na mwaka 1995 tajiri mmoja akajenga kiwanda cha kuchambulia pamba nje kidogo ya Bunda. Meneja wake, Isidori, alikuwa amesikia habari za mama fundi wa Nyamuswa, akatuma mtu kumwita. Pelagia alifurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

Kiwanda kilikuwa na mashine nane, na kila moja ilikuwa na taa mbili juu yake. Nyekundu ilimaanisha mashine inazunguka, usiiguse. Kijani ilimaanisha imesimama, waweza kufungua. Taa hizo ziliendeshwa na kompyuta iliyoletwa na injinia Bernado kutoka Mwanza. Ilikuwa kompyuta ya kwanza Pelagia kuigusa. Bernado alimweleza kwamba ndani yake mna kadi iliyounganishwa na mashine na taa, na programu ndogo iitwayo draiva, ambayo ni kama mkalimani kati ya kompyuta na kadi hiyo. Msimamizi akibonyeza kitufe, kompyuta inaiamuru mashine isimame na kuwasha taa ya kijani.

Kabla ya msimu kuanza, Pelagia alizijaribu taa zote. Zikawaka na kuzimika kwa mpangilio, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, hadi wafanyakazi wakapiga makofi. Akatia sahihi kwamba zinafanya kazi.

Florian, aliyehudumia mashine ya nne, alikuwa mtu wa Kibara, mtoto wa wavuvi, mpole na mwenye hadhari. Ile hali ya kuingiza mkono ndani ya mashine haikumpendeza.

"Dada Pelagia," alimwuliza, "kule nilikofanyaga kazi zamani tulikuwa tunashusha swichi kubwa kwanza. Hii taa nayo tuiamini?"

"Iamini, kaka. Ikiwa kijani, wewe fungua bila wasiwasi."

Mwaka mmoja ukapita salama. Msimu wa pili, mwezi wa nane, saa nne asubuhi, pamba ilikwama katika mashine ya nne. Msimamizi akabonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka. Mashine nyingine saba zilikuwa zinanguruma, mtu asingeweza kusikia hata sauti yake mwenyewe. Florian akafungua kifuniko, akaingiza mkono kuondoa pamba. Ngoma yenye meno ilikuwa bado inazunguka humo ndani.

Pelagia alisikia yowe, akakimbilia swichi kubwa na kuishusha. Katika hatua zile chache aliinua macho, akaiona taa ya mashine ya nne. Ilikuwa kijani, imetulia kabisa.

Hospitalini Florian alikatwa mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo.

Jioni ile Pelagia alifungua sanduku la umeme la mashine ya nne na kuona kilichotokea. Swichi ya ndani, inayoipelekea mota umeme, ilikuwa imeungua na kuganda. Kompyuta ilikuwa imeamuru mashine isimame, lakini amri haikutekelezwa. Hata hivyo taa ya kijani iliwaka, kwa sababu haikuwa na habari yoyote na mashine. Kompyuta iliiwasha palepale ilipotoa amri, wala haikungoja kuona kama imetiiwa. Na yeye alipozijaribu alikuwa amepima kama taa zinaisikia kompyuta. Hakupima kama zinasema kweli.

Alikaa sakafuni mbele ya lile sanduku hadi usiku.

Siku ya tatu Isidori alimwita ofisini na kumsogezea karatasi. "Taarifa ya ajali iko tayari. Wewe ni fundi, tia sahihi hapo chini."

Pelagia akasoma. Iliandikwa kwamba Florian alifungua kifuniko wakati taa nyekundu inawaka.

"Meneja, taa ilikuwa kijani. Niliiona kwa macho yangu."

"Mama Pelagia, ukisema ilikuwa kijani, watauliza ni nani aliyethibitisha zile taa. Sahihi ni yako, siyo yangu."

"Najua ni yangu."

"Basi jihurumie."

Pelagia aliiacha karatasi mezani. Nyumbani aliandika taarifa yake mwenyewe, kurasa mbili kwa mkono. Alieleza swichi iliyoganda, taa iliyowashwa na amri, maneno aliyomwambia Florian, na sahihi aliyotia. Akaipeleka mwenyewe kwa afisa kazi.

Kisha akadai mashine zisiwashwe. Isidori aligomba, lakini wafanyakazi walikataa kusogea karibu nazo, ikabidi injinia aitwe. Bernado alifika akiwa mnyonge. Mwanzoni alipendekeza programu ingoje sekunde kumi kabla ya kuwasha kijani.

"Na kompyuta ikizubaa katikati?" Pelagia aliuliza. "Umeme wa hapa unaujua. Mara ngapi tumeikuta imeganda kama jiwe, na taa zimebaki vilevile?"

"Mara nyingi," Bernado alisema.

"Injinia, mimi nataka mashine yenyewe ndiyo iiwashe taa. Ikizunguka, iseme nazunguka. Ikisimama, iseme nimesimama. Kompyuta isiulizwe."

"Nikizitoa taa kwenye kadi, kompyuta haitajua lolote. Msimamizi atakaa mbele ya kioo kipofu."

Walikifungua kitabu cha ile kadi, kilichoandikwa kwa Kiingereza kigumu. Pelagia alisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya mstari, na siku ya pili alifika mahali ambapo Bernado alikuwa amepapuuza. Kadi ile, yenye umeme wake mbali na wa kompyuta, ilikuwa na uwezo wa kuendesha taa zake yenyewe, kwa kufuata waya unaotoka kwenye mashine. Ila draiva, kila kompyuta ilipowashwa, iliinyang'anya kadi uwezo huo na kuukabidhi kwa programu. Kilichotakiwa ni kuifundisha draiva iiambie kadi jambo moja tu asubuhi: taa hizi ni zako, ziendeshe. Baada ya hapo kompyuta ingeruhusiwa kuzitazama na kuonyesha hali ya mashine kwenye kioo, lakini si kuzigusa.

Bernado aliinamisha kichwa. "Nilipasoma hapa," alisema. "Nikaona ni rahisi zaidi programu kushika kila kitu."

Pelagia hakumlaumu. Yeye naye alikuwa na lake.

Alifunga kwenye kila mhimili kifaa kidogo cha kuhisi mzunguko, akavuta waya hadi kwenye kadi, na Bernado akairekebisha draiva. Kisha Pelagia akajaribu kwa namna ambayo hakujaribu mwanzo. Aliikaza swichi ya ndani ya mashine ya nne kwa kabari ya mbao isiweze kuachia, akamwambia msimamizi abonyeze kitufe. Kompyuta ikaamuru mashine isimame. Mashine ikaendelea kuzunguka, na taa ikabaki nyekundu. Akaamuru kompyuta izimwe kabisa. Bado nyekundu. Ndipo akashusha swichi kubwa ya mota, ngoma ikapunguza mwendo, ikasimama, na kijani ikawaka. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Afisa kazi alikubali taarifa ya Pelagia, na Florian hakuandikwa mzembe. Msimu uliofuata mafundi wote waliitwa kazini isipokuwa Pelagia. Hakuuliza sababu. Alihamia Bweri, pembezoni mwa Musoma, ambako watu walikuwa wanajenga nyumba mpya, akaanza kuzivutia umeme.

Kabla ya kuhama alikwenda Kibara. Eufrasia, mke wa Florian, alimkaribisha kwa heshima, akamwekea kiti na kumtengea ugali na sato. Florian alikuwa ameketi kwenye mkeka, akijaribu kushona wavu kwa mkono wa kushoto huku uzi ameubana kwa vidole vya mguu.

"Uliniambia nifungue," alisema, bila ukali.

"Nilikuambia, kaka. Sikuwa nimehakikisha. Nimekuja kukuambia hivyo, si kujitetea."

Florian alivuta uzi, ukakatika. Akautafuta mwanzo wake tena. "Zile taa sasa?"

Pelagia akamweleza yote: waya, kadi, draiva, kabari ya mbao. Florian akasikiliza hadi mwisho.

"Na wa mashine ya nne sasa ni nani?"

"Gati, yule wa Nyamuswa."

"Ana watoto wadogo yule," Florian alisema. Akausogeza wavu kando. "Kula, dada. Chakula kinapoa."

Pelagia akanawa mikono, akala.