Diski Iliyopiga Hodi Molo

Kabla hujauliza: sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ilikuwa mchana. Nayasema mapema kwa sababu hayo ndiyo maswali ambayo mimi ningekuuliza kama wewe ndiwe ungekuwa unanihadithia. Tangu shule ya Jumapili nilikuwa yule mtoto aliyemuuliza mwalimu ni nani aliyekuwa akifagia safina ya Nuhu. Chuo kikuu kilizidisha tu ugonjwa huo. Kwa hivyo niamini ninaposema kwamba nimekitafutia kisa hiki kila maelezo ninayoyajua, na bado kimekaa palepale kilipokuwa.

Nyanya yangu, mzaa mama, alifariki mwaka jana hapa Nakuru. Kabla hajaenda nilikaa naye jioni moja nikamrekodi kwa laptopu yangu. Aliongea Kimaragoli, lugha ya kwao, ambayo mimi naielewa kama mtu anavyoelewa mvua juu ya mabati: unajua inanyesha, hujui inasema nini. Nilichoshika ni jina moja tu, Kageha. Huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyefia Molo wakati babu akifanya kazi ya reli huko. Katika familia yetu hakuna aliyejua alikozikwa, na Nyanya hakuwa akimtaja kamwe. Jioni hiyo alimtaja.

Baada ya mazishi Mama hakuweza kuisikia ile sauti. "Bado," alikuwa akiniambia kila nikimuuliza. Halafu Jumapili moja, akimenya viazi, akasema bila kuinua macho, "Leta nimsikilize mama yangu. Nataka kujua dada yangu yuko wapi."

Nikaiwasha laptopu. Ikaanza kugonga ndani. Kwa, kwa, kwa. Kimya. Kwa, kwa, kwa.

Rekodi hiyo haikuwa mahali pengine popote. Usinitazame hivyo. Wewe zako umezinakili?

Fundi mjini aliisikiliza kwa muda mfupi tu. "Boss, hii diski inakufa. Ndani kuna kasindano ka kusoma. Kakikosa mahali pake kanarudi, kanajaribu tena, ndiyo hiyo kugonga unasikia. Ukiendelea kuilazimisha, itakwaruza kila kitu."

Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo. Alfajiri, laptopu ikiwa imelala usiku kucha kwenye sakafu baridi, ilikuwa inakaribia kufunguka. Jua likitoka, inakataa kabisa. Je, huo si ushahidi? Nikampigia rafiki yangu Kiprono, tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha Molo.

"Inataka baridi?" akacheka. "Si ukuje huku! Huku hata maziwa haihitaji friji."

Ndivyo nilivyojikuta Molo, kwenye veranda ya nyumba ya mbao, nimevaa jaketi mbili, laptopu juu ya stuli mbele yangu na flashi imechomekwa tayari. Kiprono alikuwa ameenda kazini. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuweza kuliona geti. Nikabonyeza. Kwa, kwa, kwa. Kimya.

"Kuna mtu anapiga hodi hapo."

Niliinua macho. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye ngazi, wa umri wa Mama au kumpita kidogo. Katika baridi ile alivaa gauni jepesi tu, bila sweta wala leso, na miguuni hakuwa na kitu.

"Ni hii mashine, mathe. Imeharibika."

"Nasikia. Anagonga na wewe umekaa tu kama askari wa benki. Kwenu hamjibu mgeni?"

Nilicheka, nikamweleza habari za kisindano kama alivyonieleza fundi. Alinisikiliza kwa makini sana, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na ndani kuna nani?"

Si nini. Nani.

"Kuna sauti ya nyanya yangu."

"Basi mwambie karibu. Ni neno moja tu. Litakuchubua mdomo?"

Ungefanya nini? Mimi nilifanya mzaha. Nikaigeukia laptopu, nikasema huku nikicheka, "Karibu!"

Kugonga kukakoma. Diski ikazunguka kwa mlio laini, kisha mafaili yangu yakajitokeza moja baada ya jingine. Nikaiburuta rekodi ya Nyanya hadi kwenye flashi, nikangoja, nikahakikisha imefika yote. Ni baridi, nilijiambia. Nadharia yangu imethibitika.

"Hebu na mimi nisikie kidogo," mwanamke yule akasema.

Nikaifungua. Aliketi kwenye mbao, akanyoosha miguu mbele yake. Hapo ndipo nilipoziona nyayo zake. Molo ni matope matupu siku kama ile; gambuti zangu zilikuwa zimebeba nusu ya shamba. Nyayo zake zilikuwa safi, laini, bila ufa wala sugu hata moja, kama za mtoto mchanga.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mahali fulani akatabasamu, akaonyesha kidole kwenye ukungu. "Amesema nyuma ya tangi la maji la reli. Kwa ule mti wa mashina mawili."

"Kumbe unaelewa Kimaragoli, mathe?"

"Ndiyo lugha ya kwanza nilisikia."

Skrini ikazimika. Niliinama kuangalia waya wa chaji, na nilipoinuka veranda ilikuwa tupu. Kwenye ngazi kulikuwa na matope ya gambuti zangu na za Kiprono tu. Nilikimbia hadi getini nikiita. Aliyenijibu ni ng'ombe wa jirani.

Jioni nilirudi Nakuru, nikamwekea Mama rekodi kutoka kwenye flashi. Sikumwambia lolote kuhusu mwanamke yule. Nilitaka jaribio safi. Mama alitafsiri huku akijifuta machozi. "Anasema alimzika nyuma ya tangi la maji. Kuna mti wa mashina mawili." Akasogeza sikio karibu zaidi. "Anasema Kageha alikufa kabla hajajua kutembea. Alikuwa mgongoni tu siku zote. Miguu yake haikuwahi kugusa chini."

Kisha kwenye rekodi kukasikika: kwa, kwa, kwa.

Na baadaye sauti ya kijana anayecheka: "Karibu!"

Ilikuwa yangu. Nilikagua faili: tarehe ni ileile ya mwaka jana. Jioni ile nilikuwemo chumbani mwa Nyanya, na nakuhakikishia hakuna aliyegonga wala aliyejibu. Baada ya sauti yangu, Nyanya anasema maneno machache ya mwisho. Mama aliyarudia mara mbili kabla ya kunitafsiria.

"Mwacheni aingie mwenyewe. Amechoka kubebwa."

Tulienda Molo. Tangi limebaki msingi tu, lakini mti upo, na mashina yake mawili. Mama alisimika msalaba, akaimba, akamwita dada yake kwa jina.

Ungedhani yameishia hapo. Ile diski niliitoa, ipo kwenye droo ya kabati letu, haina waya, haina umeme. Kuna asubuhi hugonga, mara tatu. Nimeipima, nimeifunga kwa taulo, nimewaita marafiki wawili wasikilize, na mmoja hajarudi kututembelea. Mama yeye huitikia "Karibu" kutoka jikoni, kama anavyomwitikia jirani, na huendelea kupika. Na akipiga deki, kabla sakafu haijakauka, huwa kuna alama za nyayo ndogondogo za mtu anayejifunza kutembea.

Basi nakuambia: nakili vitu vyako leo, mahali pawili. Na diski yako ikianza kugonga, funga mdomo wako kwanza, ujiulize kama nyumbani kwenu kuna nafasi. Ukishamwambia mtu karibu, huwezi tena kumwambia ulikuwa unatania.