Pipa la Mama Kibibi Lililofunga Siku Kumi

Mama Kibibi ni mtu wa Kindu, kule Kongo, na nyumbani kwake mgeni halali njaa. Hilo njo lilituletea shida.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, anakaanga mandazi. Mwaka jana daktari wa Lilongwe alimsikiliza kifua, akamwambia aachane na moshi wa makaa, ao kifua kitammaliza. Mandazi bila moto? Akaendelea kukaanga, huku akikohoa.

Injinia mmoja wa Area 49 kule Lilongwe, bwana Kondwani, njo akamletea pipa la majaribio. Ndani mnaishi vijidudu vinavyokula maganda na mabaki ya nsima, ugali wa huku, vinatoa gesi ya kupikia. Pembeni kuna mashine inayopima hali ya humo na kufungua bomba la chakula yenyewe: kilo mbili kila asubuhi, basi. Mama Kibibi akapika miezi mitatu bila kukohoa. Vijidudu akaviita "bageni bangu".

Kisha injinia akatuma habari kwamba Alhamisi anakuja kukagua. Mama Kibibi akataka kumwonyesha moto mkubwa. Jumatatu akaongeza chakula, mashine ikafunga bomba.

"We Mamy, inakataa!" akaniambia mi, fundi cherehani wa mlango wa pili. "Kilo mbili kwa batu bote hao? Haya si ni matusi!"

Mpaka Jumatano akawa anafungua mfuniko, anamimina kwa mkono: maganda, nsima ya arusi, na ndoo nzima ya maji machachu ya kulowekea muhogo wa bugali. Maji yalikuwa yangu. Sifichi.

Alhamisi pipa lilinuka siki, na moto haukutosha hata kuwasha sigara. Injinia akasoma mashine.

"Amayi, mfuniko ulifunguliwa mara saba."

"Sita," akasema Mama Kibibi.

Ya saba njo mi, siku ya yale maji.

"Mmewashibisha mpaka wamechacha," akasema injinia. "Tieni majivu kidogo yapunguze uchachu, na msiwape kitu siku kumi. Moto usiporudi, pipa linaenda Mitundu, wako watu wanalingoja."

Mama Kibibi akatia majivu, akakaa kwenye kigoda mbele ya pipa. Makaa hakuwasha. Wateja wakahamia kwingine. Siku ya sita nikamkuta ameficha maganda ya ndizi chini ya kitenge. Nikamnyang'anya kwa hasira.

"Mama, unataka kuua nani, hao ao we mwenyewe?"

Akalia. "Mi najua njaa, Mamy. Tulipokimbia vita tulitembea siku tisa porini bila chakula. Leo njo mi ninyime bengine?"

Hasira ikaniisha. Nikavuta kiti nikakaa naye.

Siku ya kumi akawasha kiberiti. Moto ukaja, wa buluu, mdogo, ukasimama. Akasema alhamdulillahi, mi nikasema amina. Mashine ikafungua bomba. Akapima kilo mbili, akatia. Kwenye ndoo likabaki ganda moja. Akaliangalia sana, kisha akanipa.

"Peleka mbali, dada. Mkono wangu siuamini."