Kupimwa Kabla ya Kupumzishwa

Mume wangu alikuwa fundi seremala wa chuo cha ualimu pale Njombe, nami nilifua mashuka ya wanafunzi. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya chuo. Siku kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Hilo tulilijua sote na hakuna aliyependa kulitaja.

Enzi hizo za Mwingereza alikuja Mzungu mmoja mwembamba, mwenye kazi ambayo mpaka leo naiona ya ajabu: kupima hofu. Alitaka kujua wafanyakazi wazee wa chuo wanaogopa kustaafu kwa kiasi gani. Neno hilo lilikuwa halijafika kwetu, hivyo karani wa ofisi, mjuaji kuliko wote, akatutafutia neno la heshima: kupumzishwa. Kanisani kwetu aliyepumzika ni yule tuliyemzika Jumamosi.

Kisha mume wangu akaagizwa atengeneze ubao mrefu wenye alama, wa kupimia wazee kabla hawajapumzishwa. Hakuuliza. Majeneza ya pale chuoni alikuwa akiyatengeneza yeye, basi akachonga ubao wa kimo cha mtu, akaupiga randa hadi ukang'aa, akarudi nyumbani. Mimi nilikasirika. Nilimwambia hata ng'ombe hapimwi jeneza angali anatafuna.

Siku ya kupimwa, wazee walikuja na nguo zao za Jumapili. Mimi nilijifanya naanika mashuka karibu na dirisha. Ubao ulisimamishwa ukutani: chini hakuna hofu, juu hofu tele, kila mtu aguse mahali pake. Mpishi, mtu wa Ipelele, aligusa chini kabisa, akaomba tu azikwe kwao. Karani akatafsiri kwamba mzee ana hamu ya kurudi kijijini. Mlinzi aliinama mpaka akagusa sakafu. Mume wangu naye akainama, Mkristo mwema, akasema yuko tayari hata leo. Nililia ndani ya shuka la watu.

Mzungu alifurahi mno kukuta chuo kizima hakina hofu. Mkuu wa chuo, ambaye siku zote aliona haya kuwaondoa wazee, haya zikamwisha palepale. Mwisho wa mwezi wote wapumzike, na funguo za nyumba zirudi ofisini.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba tunapumzishwa tukiwa hai. Mume wangu akadandia lori la kwenda Makambako kumfuata Mzungu aliyekuwa ameshaondoka, nami nyuma yake, maana peke yake angezidisha upole. Tulimkuta hotelini akingoja basi pamoja na karani aliyemsindikiza, ubao umeegemezwa mlangoni.

Nikasema tumekuja kupimwa upya. Mume wangu akausimamisha ubao, akanyoosha mkono, akaipita alama ya mwisho, na bado akajinyanyua kwa vidole vya miguu.

"Kufa siogopi," alisema. "Naogopa kuamka asubuhi sina pa kwenda, na jioni sina pa kulala."

Karani alitafsiri, safari hii taratibu. Mzungu aliutazama ule mkono kwa huzuni ya kweli, kisha akasema hawezi kuandika hofu iliyopita mwisho wa ubao.

Mume wangu akaupapasa ubao wake, kazi nzuri isiyo na kibanzi hata kimoja.

"Ningejua," akaniambia, "ningeukata mrefu zaidi."