"Run" Tuliisoma Mferejini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule yetu kule Mboghoni alinipa chaki, akanionyesha darasa la sita, akasema, "Mwalimu Zuhura, hawa Kiingereza kimewashinda. Wakaririshe tu." Mimi mtoto wa Voi, kichwa kigumu tangu kuzaliwa. Nikasema moyoni, tutaona.

Kukariri kulikuwa hivi: mwalimu ataja kitenzi, watoto waimba maana moja, basi. Neno "run" waliliimba "kukimbia" mpaka sauti zikakauka. Kumbe kitabuni pua nayo ina-run, na maji, na mtu aweza ku-run duka, yaani kuliendesha. Chuoni nilisoma kwamba tangu kale wenye lugha yao walilitumia kwa maji kama kwa miguu. Nasi shamba la shule lilikuwa na zamu ya maji ya mfereji wa kijiji kila Jumatano. Nikawatoa nje na majembe. Anayefungua mfereji aseme kwa Kiingereza anachokiona, akikosea tunacheka, anarudia.

Mwalimu Mkuu alikasirika. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, akamwita mkaguzi wa shule aje kunikata mzizi, nifukuzwe. Jamani, niliogopa.

Mkaguzi alikuja na Mwalimu Mkuu, wakatukuta shambani. Akasimama ndani ya mfereji mkavu, viatu vyang'aa, akaanza kunifokea. Huko juu maji yalikuwa yameshafunguliwa. Wakesho, msichana ambaye hakuwahi kujibu swali darasani, akapaza sauti: "Sir, move! The water is running!"

Mkaguzi akaruka. Alipotulia akamuuliza, kwa Kiingereza, nani msimamizi wa mfereji ule.

"My grandmother runs it," Wakesho akajibu. "She does not like people standing inside."

Mkaguzi alicheka mpaka akashika kiuno. Akamgeukia Mwalimu Mkuu: "Huyu mwalimu namthibitisha. Na wewe Jumatano ijayo nikukute hapa na darasa la saba."

Sasa nimestaafu. Sikupata cheo, wala sijuti. Nyinyi walimu vijana, watoeni watoto nje, atakayenuna anune. Jumatano ile iliyofuata nilimwona Mwalimu Mkuu amekunja suruali, matope hadi magotini, anawauliza darasa la saba maji yanafanya nini. Nikapita mbele yake polepole, makusudi, nikamwamkia kwa adabu zote. Nilitembea kwa maringo siku ile, na mpaka leo sijaacha.