Bi Mwaja Apewa Masoko Matatu Kupata Mtu wa Kumpimia Chumvi

Jua halijavuka migomba, na Bi Mwaja binti Shehe ameshasugua kibaba chake kwa mchanga mara mbili. Anakipuliza, anachungulia ndani kwa jicho moja kama anayemtafuta mdudu. Kisha anakiweka juu ya mkeka, kando ya kijiti cha kufutia, na kukunja mikono.

Hakuna anayekuja.

Hapa ni sokoni Nkwenda, mwaka huu wa 1909. Kwa miaka kumi na mmoja, chumvi yote iliyouzwa hapa ilipita katika kibaba hiki kimoja cha mti. Muuzaji hakuruhusiwa kujipimia. Alileta mzigo wake kwa Bi Mwaja, naye akapima, akafuta juu kwa kijiti, na katika kila vibaba kumi akachukua konzi moja ya ujira wake.

Mwezi wa Rajabu, mkungu anayelisimamia soko kwa niaba ya Mkama, mfalme wa Karagwe, alipiga ngoma na kutangaza kwamba upimaji umefunguliwa. Kila mtu apime kwa kibaba chake.

"Nilisikia ngoma nikadhani ni harusi," asema Bi Mwaja. "Nikajifunga kanga, nikaenda mbio. Kumbe ninaachishwa kazi, na mimi nimeshapiga vigelegele."

Baba yake alitoka Pangani na msafara wa pembe, homa ikamlaza Karagwe, akaoa Mnyambo, asirudi tena. Kibaba alikichonga yeye. Mume wa Bi Mwaja, Mzee Abdallah, haoni vizuri tangu mwaka juzi, na zile konzi za chumvi ndizo zilizokuwa zikinunua ndizi na maharage ya nyumba yao.

Sasa hata kibanda anachopimia kinamponyoka. Muuza vitambaa anakitaka. Mkungu akampa Bi Mwaja masoko matatu, yaani siku tatu za soko: asipotokea hata mtu mmoja kuja kupimiwa kwa hiari yake, aondoke. Leo ni soko la tatu. Akiondoka, atakwenda kulima mashamba ya watu, na magoti yake, asema mwenyewe, "yanalia kama mlango hata nikiwa nimekaa."

Lakini hakatai kwamba watu wamepata nafuu. Kibaba kilichokuwa hela nane leo ni hela tano.

"Zamani watu wa Songambele walifika jana yake ili wawahi mstari," asema. "Nikienda kuswali adhuhuri, soko zima linanisubiri, Mwislamu na asiye Mwislamu. Nikipiga chafya, biashara inasimama."

Tatizo ni vibaba vyenyewe. Kuna vya kibuyu, vya gome na vya bati. Kimoja kina kitako kinene kama kigoda. Wako pia wanaopima huku dole gumba likiwa ndani. "Na gumba lenyewe," asema Bi Mwaja, "limenenepa tangu Rajabu."

Saa nne, kelele zinaanza kwa Othman, kijana muuza chumvi mwenye sauti kubwa kuliko zote sokoni. Tangu asubuhi watu wamemzunguka, wengine wamerudi mara ya pili, naye anaamini ni kwa sababu ya sauti yake.

"Chumvi tele! Chumvi teleee!"

Mbele yake amesimama Asia, mkulima wa Songambele, mfupi, kikapu kichwani, mikono kiunoni.

"Jaza, waitu," asema, kwa neno la heshima la Kinyambo. "Umesema tele."

Kibaba, kama kila mnunuzi ajuavyo, hupimwa namna mbili. Cha tele huinuka juu kama kichuguu, na cha mfuto husawazishwa kwa kijiti. Othman alikuwa amemfutia.

"Mama, nimesema chumvi ni tele. Sikusema kibaba ni cha tele!"

"Tele ni tele."

"Maana yake ipo nyingi!"

"Basi kama ipo nyingi, unanibania nini?"

Watu wanacheka. "Mjazie, Othman!" anapaza mmoja. "Mdomo wako umeshauza!"

Othman anainua kibaba chake kilichojaa. "Twende kwa Bi Mwaja! Yeye ndiye ajuaye tele na mfuto!"

Bi Mwaja anaona soko zima likimjia. Anatengeneza ushungi.

"Shikamoo, Bi Mwaja. Nipimie, huyu mama aone kwamba kibaba changu ni kizima."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Sema kwa sauti. Mkungu yuko kule."

"Kwa hiari yangu!" Safari hii sauti ya Othman inafanya kazi kweli.

Bi Mwaja anamimina chumvi ya Othman katika kibaba chake. Kinajaa. Anafuta. Ndani ya kibaba cha Othman zimebaki konzi mbili nzima. Anarudia polepole, mbele ya macho yote. Konzi mbili vilevile.

"Othman, una vibaba vingapi?"

Kijana anatazama mawingu. "Viwili. Cha kununulia na cha kuuzia."

"Na leo umeshika kipi?"

Tangu jua lichomoze, Othman ameuza chumvi kwa kibaba chake kikubwa, cha kununulia.

Asia anafunga kitita chake haraka kwa jani la mgomba. "Basi waitu, mimi sina neno. Mfuto unanitosha kabisa." Nyuma yake, wanawake wawili walionunua mara mbili wanaondoka bila kuaga.

Kisha Asia anageuka. "Na hicho cha kuuzia kiko wapi? Tukione."

Anakileta Zuena, mke wa Othman, bila kumwuliza mumewe. "Nilikuambia uvitie alama," asema. "Ukaniambia mwanamume hasahau."

Kinajazwa chumvi na kumiminwa katika cha Bi Mwaja. Kinapungua konzi moja. Kicheko kinakatika, na walionunua soko lililopita wanaanza kunung'unika.

Asia hajamaliza. "Na wewe, Bi Mwaja, miaka yote ulipokuwa peke yako, nani alikupima wewe?"

Bi Mwaja anakiinamisha kibaba chake, watu waone ndani. "Hakuna. Na mwaka wa njaa kilipasuka, nikakiziba ndani kwa nta. Ilikula nusu konzi. Niliitoa baada ya mavuno, ufa nikauziba kwa nje."

"Mavuno yapi?"

"Siyo ya kwanza baada ya njaa. Ya pili yake."

Hata mkungu anacheka.

Hadi alasiri watu kumi na wanne wameleta chumvi yao kuhakikiwa, na mwenye kibaba kilichopunguka ndiye anayemlipa Bi Mwaja konzi yake. Muuza vitambaa ameambiwa atafute mahali pengine.

Bi Mwaja haombi kurudishiwa soko lote. "Wakinirudishia, nitaanza tena kulala mchana, na watu walale mstarini." Wauze wote, asema, ila kila kibaba kipitie kwake kitiwe alama ya moto, na asiyetaka auze bila alama, watu wamwone. Mhunzi ameahidi chuma cha kutilia alama hiyo kabla ya soko lijalo, na mkungu ameitikia.

Kibaba cha kwanza kupimwa kitakuwa chake mwenyewe, kwa maji, mbele ya watu, ili nta au ufa wowote uonekane. Amemwomba Asia ndiye amimine. Asia amekubali, ila atakuja na mama mkwe wake, bibi ambaye Songambele nzima haijawahi kumwona akiridhika.